Asiye na Kinywa

Mvua zikilegea tunahamia chini ya miti ya asan,
mimi, mama, na mbwa asiye na jina,
kwenye kibanda cha matawi ambacho kila mwaka tunakijenga upya
na kila mwaka kinavuja palepale.
Mchele, chumvi, kombeo, kikapu cha mawe ya mtoni:
hiyo ndiyo nyumba hadi baridi ianze kuuma vidole.

Viwavi tumewapandisha wangali nyuzi za kahawia
ndani ya vikombe vya majani ya sal vilivyoshonwa kwa vijiti.
Sasa ni kijani, wanene kama dole gumba,
na mlo wao unasikika, manyunyu juu ya makuti makavu.
Mama hulala kwa sauti hiyo.
Ikikatika, huamka.

Kila mti una tabia zake, anasema.
Asan hulisha bila kusimanga.
Arjun hulisha pia, mradi miguu yake iwe majini.
Sal ni mchoyo kwa wageni:
kiwavi aliyezaliwa juu yake hunenepa,
lakini mtoe kwenye asan umweke hapo, atanuna,
atatembea ncha hadi ncha ya jani
akitafuta alikotoka.

Kaka yangu Sidiu yuko Surat, kwenye mashine za nailoni.
Akipiga simu mama humuuliza, umekula nini?
Naye hujibu, nimekula.

Alfajiri huja kunguru, napiga kombeo.
Mchana huja nyigu, napunga tawi hadi bega life ganzi.
Majimoto wakishuka kwa mstari
tunawakung'uta, tunawasaga na pilipili;
adui huyu angalau ni kitoweo.

Lakini mwaka ule ikanyesha mvua isiyoalikwa, siku tano,
na viwavi wakaanza kuning'inia vichwa chini,
laini, weusi, wakichuruzika.
Kwa hilo hakuna jiwe.
Usiku wa tatu mama aliamka, akaketi,
hakuniambia kitu, nami sikuuliza.

Miti mia moja na arobaini. Vifuko kumi na tisa.
Kila kimoja kigumu kama yai, rangi ya vumbi,
kina kikonyo, na kikonyo kina pete
iliyolikumbatia tawi: kukivuna, unalikata tawi lenyewe.

Bansidhar mnunuzi akaja na pikipiki,
akavitikisa kimoja kimoja sikioni.
Alivitaka vyote, vya kuchemsha.
Mama akamhesabia kumi na viwili.
Saba akavitundika kwenye boriti,
na deni la chumvi likabaki deni.

Miezi sita. Panya alikula kimoja.
Vitano tulivitikisa, vikalia kama njugu kavu.
Cha saba kililowa nchani usiku wa mvua ya kwanza
na akatoka jike, wa manjano, akitetemeka,
kwenye kila bawa dirisha la mviringo
ambalo ndani yake niliuona ukucha wangu.
Hana kinywa. Alichokula kwenye asan mwaka jana
ndicho akiba yake yote, siku saba, labda nane.

Dume hatukuwa naye. Kijiji kizima hakikuwa naye.
Mama akamtia kikapuni, akakitundika nje kwenye asan ileile
iliyokuwa imeanza kuchipua majani mekundu,
akaja kulala. Eti kulala.

Ng'ambo ya kijito kuna msitu wa sal, hatuulindi,
hakuna anayeupigia kunguru kombeo.

Kabla ya mapambazuko aliniita kwa kidole.
Juu ya kikapu alikuwa ameng'ang'ania dume wa msituni,
rangi ya kutu, bawa moja limechanika,
mtoto wa ule mti mchoyo.
"Mkwe wangu," mama akanong'ona, "na nguo hiyo!"
Akainua kifuniko,
akageuza uso upande wa pili,
kama inavyompasa mama mkwe.